Moshi wa barabarani na lawama za nyumbani

Kila asubuhi niendapo chuoni, mimi hupita njia panda ambapo askari wa trafiki husimama tangu alfajiri akiongoza magari. Pembeni mwake wapo wachuuzi wa njugu, wauza magazeti na makanga wa matatu. Wote hao huvuta moshi wa dizeli kutwa kucha. Tutajapo madhara ya moshi huo, aghalabu tunataja kikohozi na pumu. Hatutaji uzazi.

Nasema haya kwa sababu ya binamu yangu, aliyeuza magazeti barabarani miaka mingi. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Jamaa walimwandama mke, wakamwita tasa, wakamzungusha kwa waganga hadi akarejea kwao. Hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyewaza kwamba mume naye apimwe. Sidai kuwa moshi ndio uliomdhuru. Nalia kwamba hatukuuliza.

Na swali lenyewe si la kipuuzi. Homoni ni vichocheo vinavyotolewa na tezi na kusambazwa na damu, navyo hutawala usingizi, nguvu na uzazi. Mjini Roma, Italia, watafiti waliwalinganisha askari wa trafiki na wenzao wa ofisini, wakakuta kwamba wale wa barabarani walikuwa, kwa wastani, na kiasi kidogo zaidi cha testosteroni, homoni ya kiume. Utafiti mwingine wa Italia, uliochapishwa mwaka 2003, uliwachunguza wanaume 85 waliofanya kazi kwenye vituo vya kulipia ushuru wa barabara. Mbegu zao zilikuwa na mwendo hafifu kuliko za wanaume 85 wengine wa eneo lilo hilo, ijapokuwa homoni zao zilikuwa za kawaida. Kwa hivyo ushahidi haujakamilika, lakini unatosha kututia wasiwasi.

Mwanzoni mwa mwaka 2006 tuliachana na petroli yenye madini ya risasi, sumu iliyojulikana kudhuru uzazi. Hilo lathibitisha kwamba hewa ya mji si majaliwa, inaweza kurekebishwa. Tunayo pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Hata hivyo, mchuuzi hana mwajiri wa kumdai chochote.

Yafaa basi askari wa trafiki wapewe zamu fupi katika njia panda zenye msongamano, na wapimwe afya mara kwa mara. Magari yatoayo moshi mweusi yaondolewe barabarani bila kuoneana haya. Na wauguzi wawaeleze wachuuzi mambo haya kwa Kiswahili chepesi.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni maneno. Lugha yetu inalo neno mgumba, ambalo halibagui mume wala mke. Sisi ndio tunaobagua. Kabla ya kumwita mwanamke tasa, na tumuulize mumewe anashinda wapi, na anavuta hewa gani.