Mgonjwa Hakujificha: Funzo la Kashasha

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekumbwa na hali hiyo. Walirudishwa makwao, nao ugonjwa ukaenda nao. Kijijini Nshamba waliugua watu 217, wengi wao vijana. Katika shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba, waliugua 48 kati ya 154. Wahaya waliuita *enwara yokusheka*, yaani ugonjwa wa kucheka. Wengine wakauita *akajanja*, wazimu.

Tangu hapo dunia imeligeuza tukio hilo kuwa kichekesho. Lakini taarifa ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 1963 na madaktari Rankin na Philip haichekeshi hata kidogo. Wagonjwa walilia pia, walihangaika, na baadhi walisema wanahofia kuna mtu anayewafukuza. Wengine walibaki katika hali hiyo kwa siku kadhaa. Walipimwa damu na maji ya uti wa mgongo, wasikutwe na kitu. Ikahitimishwa kuwa ni mfadhaiko wa akili ulioenea katika kundi. Hatua inayokumbukwa hadi leo ni moja: kufunga shule.

Nimelirejea tukio hili kwa sababu linapingana na maelezo tuliyoyazoea. Tunapojadili kwa nini watu hawatafuti tiba ya afya ya akili, tunakimbilia methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunasema watu wanaona aibu, hawana elimu, wanaamini uchawi. Hayo yapo. Hata hivyo, wasichana wa Kashasha hawakuficha chochote. Maradhi yao yalionekana na kusikika wilaya nzima. Kilichokosekana hakikuwa ujasiri wa mgonjwa, bali mahali pa kuupokea ugonjwa wenyewe baada ya vipimo kutoonyesha kitu.

Hali hiyo ingalipo. Mama wa Kamachumu asiyelala usiku haendi zahanati kusema ana sonona. Anasema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu. Anapimwa malaria, haipo. Anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa yuko salama. Baada ya safari ya tatu anakwenda kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombi, nasi tunamwita mshirikina. Ukweli ni kwamba alianza kwetu, na sisi ndio tuliomrudisha.

Kwa hiyo kizuizi cha kwanza kinaondolewa kwa maswali, tena ya bei rahisi. Tabibu akishaona kipimo hakina kitu, aulize: katika wiki mbili zilizopita, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Mambo uliyoyapenda bado unayafurahia? Na atumie neno ambalo watu wanalo. Hakuna anayetukanwa kwa kuambiwa ana mawazo. Kuitwa kichaa ni jambo jingine. Wazimbabwe walilielewa hili. Tangu mwaka 2006, mradi ulioasisiwa na Daktari Dixon Chibanda mjini Harare umewafundisha bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza nao juu ya *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliopata huduma hiyo, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao. Kagera haina upungufu wa bibi wenye busara, wala wa wahudumu wa afya wa jamii.

Kizuizi cha pili ni umbali. Mvuvi wa kisiwa cha Goziba anapoambiwa dawa zake ziko Bukoba au Bugando, ameambiwa apoteze siku kadhaa za kazi na nauli ya boti na basi. Atakwenda mara moja, hatarudi. Dawa ya mgonjwa wa akili lazima ipatikane karibu naye, kama tulivyofanya kwa dawa za VVU. Mkoa huu, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, unajua vizuri kuwa unyanyapaa hupungua watu wanapowaona wagonjwa wakipona na kurudi shambani.

Kizuizi cha tatu kimo ndani ya sheria zetu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayejaribu kujiua kuwa mkosaji. Familia ikimwokoa kijana wao, itamfikishaje hospitali bila kuhofia polisi? Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo kinapingana na Katiba yao. Wabunge wetu hawana haja ya kusubiri mahakama.

Kwa viongozi wa dini nina ombi moja: ombeni na mgonjwa, lakini msimwachishe dawa, na mpelekeni zahanati ninyi wenyewe. Neno lenu lina uzito kuliko bango lolote la Wizara.

Wasichana wa Kashasha walio hai leo ni bibi wenye wajukuu. Ikiwa mjukuu wa mmoja wao atafika zahanati kesho na vipimo visionyeshe kitu, huo usiwe mwisho wa mazungumzo. Hapo ndipo tabibu anapopaswa kuvuta kiti.