Freni za pikipiki: mwenye chombo asimwachie motari mzigo wote

Mvua ikinyesha Bukavu, njia ya kushuka kutoka Kadutu huwa utelezi mtupu. Motari anayebeba abiria wawili na mfuko wa unga hutegemea vitu viwili tu: mipira ya magurudumu na freni. Kwenye pikipiki nyingi zilizozeeka, vyote viwili vimekwisha. Motari anajua, fundi anajua, na mwenye pikipiki pia anajua.

Tatizo si ujinga. Motari wengi huendesha pikipiki isiyo yao, na kila jioni ao kila mwisho wa juma hupeleka kwa mwenyewe pesa waliyopatana. Siku pikipiki inapolala garaji, pesa hiyo bado inadaiwa. Ndiyo maana fundi huombwa akaze tu nati ya freni, na kesho tena, mpaka nati ifike mwisho. Mpira uliobaki laini kama kipara hubadilishwa siku unapopasuka. Wengine hushuka mlima bila gia, injini imezimwa, ili kuokoa mafuta. Hapo injini haisaidii tena kupunguza mwendo. Uzito wote unabaki kwa freni zilizochoka.

Kukaza nati si kutengeneza freni. Ndani ya gurudumu mna garnitire mbili zenye umbo la nusu-mwezi. Zikiisha, chuma husugua chuma. Inafaa kubadilisha zote mbili pamoja, kusafisha vumbi lililomo, na kuangalia grisi isiziguse hata tone. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo karibu na mkono wa freni: ukikanyaga freni na mshale ukafika kwenye alama, garnitire zimekwisha.

Mpira nao unajionyesha. Ndani ya mifereji yake mna vinundu vidogo. Ukilika mpaka hapo, maisha yake yamekwisha. Anayenunua mwingine asome tarakimu 4 za tarehe ubavuni: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi juani mbele ya duka hukauka na kufanya nyufa, hata kama haujagusa barabara.

Wenye pikipiki hujibu kwamba motari huharibu chombo kwa sababu si chake. Wakati mwingine ni kweli. Lakini garnitire na mipira hulika hata mikononi mwa dereva mwangalifu, na vinapolika vinamwingizia mwenyewe pesa. Basi mapatano yaandikwe: mipira na freni vilipwe na mwenye pikipiki, na siku ya matengenezo isidaiwe pesa. Motari naye akague kila asubuhi kabla ya kutoka, na alipe anachovunja kwa uzembe. Vyama vya motari, vinavyokusanya michango kwenye parkingi, viweze kuzuia pikipiki isiyo na freni isibebe mtu, na visimamie motari anayekataa kuiendesha.

Bei ya garnitire mbili ni ndogo sana mbele ya gharama ya kutibu mguu uliovunjika. Na gharama hiyo inapolipwa hospitalini, mara nyingi wanaochanga ni jamaa ya motari na jamaa ya abiria. Mwenye pikipiki hayupo.