Mtoto akitoka jasho anaponyonya, apimwe moyo





Mtoto wa miezi miwili akinyonya kidogo, akaacha ziwa, akalia huku jasho linamtoka, wengi wetu husema ni chango. Atakandwa tumbo, atatafutiwa miti shamba, na siku zinakwenda. Mara nyingi huwa ni chango kweli. Lakini yako maradhi ya kuzaliwa nayo yenye dalili hizo hizo.

Moyo nao hulishwa damu kwa mishipa yake wenyewe, wa kulia na wa kushoto, itokayo kwenye mshipa mkuu wenye damu safi. Kwa watoto wachache, ule wa kushoto huchipukia kwenye mshipa upelekao damu mapafuni. Tumboni mwa mama hakuna taabu. Akishazaliwa, nguvu ya damu katika mshipa huo wa mapafu hupungua wiki hadi wiki, hata damu ikaanza kurudi nyuma, na upande wa kushoto wa moyo ukabaki na njaa. Kunyonya ndiyo kazi nzito ya mtoto, na ndipo maumivu humshika. Madaktari wa Marekani, Bland, White na Garland, waliyaeleza haya mwaka 1933. Asipopasuliwa, watoto wapatao 9 katika 10 hufa kabla ya kutimiza mwaka. Mshipa ukihamishiwa mahali pake mapema, moyo huweza kurudia nguvu zake.

Nitaambiwa ni maradhi ya nadra, mtoto mmoja katika 300,000. Sawa. Lakini watoto kama 8 katika kila 1,000 huzaliwa na hitilafu za moyo za namna mbalimbali, na jasho wakati wa kunyonya ni dalili ya nyingi kati ya hizo.

Basi siku ya kupima uzito, mama aulizwe swali hilo moja. Akijibu ndiyo, mtoto apimwe umeme wa moyo, kisha apigwe picha ya moyo kwa mashine inayoonyesha damu inakwenda upande gani. Tangu 2015 nchi inayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako watoto hupasuliwa moyo. Ila kutoka Jadida ni bahari mbili, na mama havuki kwa kubahatisha.

Wahusika watueleze: mtaalamu wa kupima mioyo ya watoto atafika Wete siku zipi? Tarehe zibandikwe kliniki, na masheha wazitangaze.

Mzazi,
Jadida, Wete,
Pemba.