Kushinda na Kushindwa kwa Mwalimu

Mwalimu Julius Nyerere alipong'atuka mwaka 1985, bidhaa muhimu zilikuwa adimu madukani. Vijiji vya Ujamaa, ambamo mamilioni ya Watanzania walihamishiwa miaka ya 1970, wengine kwa nguvu, havikuleta neema iliyotarajiwa tangu Azimio la Arusha la 1967. Hapo alishindwa, na si haki kulificha jambo hilo.

Hata hivyo, alikiacha Kiswahili kikiwa kiungo cha makabila zaidi ya 120. Isitoshe, neno 'kung'atuka' lenyewe alilitwaa katika Kizanaki, lugha yake ya kwanza, akalitia uzito kwa kitendo: kuondoka kwa hiari.

Waliomfuata waliubadili uchumi wake, lugha waliidumisha. Nasi Wakenya tusiwapime viongozi kwa majengo tu. Tuulize pia: waliondokaje, na walituachia nini kinachotuunganisha?