Shahidi Mkweli Anapokosea Sura

Ushahidi wa utambuzi, yaani maelezo ya mtu anayeiambia mahakama kwamba mshtakiwa aliye kizimbani ndiye aliyemwona akitenda kosa, una hatari ya pekee: humshawishi msikilizaji kwa urahisi, na huweza kukosea bila anayeutoa kusema uongo hata chembe. Wakili wa utetezi asiyelitambua hilo hupoteza kesi mapema, kwa kuwa maswali ya dodoso, ambayo sheria imempa ili aupime ushahidi wa upande wa pili, huyatumia kumwita muongo mtu ambaye hakimu anamwona waziwazi kuwa ni mkweli. Safu hii inashikilia kwamba utetezi wenye maana dhidi ya kosa la namna hii hauanzii mahakamani. Huanzia kwenye meza ya mapokezi ya kituo cha polisi, katika maneno aliyoyasema mlalamishi kabla hajaonyeshwa mtu yeyote.

Kenyatta Market, soko lililo kando ya barabara ya Mbagathi, jirani na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, linafaa kulipimia jambo hili kuliko mifano mingi ya vitabuni. Vibanda vya nyama choma na safu za wasusi huwaleta pamoja watu wa Golf Course, Ngumo, Kibera na mitaa ya mbali zaidi, na mtu anayepita hapo mara kwa mara huishia kuzijua sura nyingi ambazo hana majina yake: kijana anayewaita wateja, mkata nyama, mchukuzi wa mizigo. Wanasheria huwagawa mashahidi wa utambuzi katika makundi mawili, wale waliomtambua mtu wanayemfahamu na wale waliomwona mgeni kwa mara ya kwanza, na Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema katika shauri la Anjononi la mwaka 1980 kwamba kumtambua mtu unayemfahamu kunatia imani zaidi kuliko kumtambua mgeni. Kanuni hiyo ina busara yake. Hata hivyo, soko huzaa kundi la tatu ambalo kanuni hiyo hailigusi ipasavyo, nalo ni la sura iliyozoeleka ya mtu asiyejulikana.

Hatari ya kundi hilo imeelezwa na wanasaikolojia wa kumbukumbu. Akili huweza kuhifadhi sura vizuri na kupoteza mahali ilipoonekana, hivi kwamba mwanamke aliyenyang'anywa mkoba jioni akielekea Ngumo, akionyeshwa baadaye kijana ambaye amemwona mara nyingi karibu na vibanda vya nyama, huhisi kwa dhati kwamba anamfahamu, kisha huihamishia hisia hiyo kwenye tukio la wizi. Hadanganyi anaposema kwamba sura hiyo si ngeni kwake. Kosa liko katika jibu la swali la wapi aliiona, na swali hilo huulizwa mara chache mno.

Mahakama za Afrika Mashariki hazijakosa kuonya. Mwaka 1953, katika shauri la Abdala bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba jambo linaweza kuthibitishwa na shahidi mmoja, lakini ikataka ushahidi wake wa utambuzi upimwe kwa uangalifu mkubwa pale ambapo mazingira ya kuona yalikuwa magumu. Mahakama hiyo ilirudia tahadhari hiyo katika shauri la Roria mwaka 1967. Tanzania, katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ilikwenda mbali zaidi na kuuita ushahidi wa kuona kuwa wa aina dhaifu kabisa, ikataka uwezekano wote wa kukosea uondolewe kwanza: shahidi aliangalia kwa muda gani, kutoka umbali gani, katika mwanga upi, na je, alimjua mtu huyo kabla? Uingereza nayo, ambayo mwaka 1976 iliweka miongozo ya Turnbull inayomtaka jaji alionye baraza la wazee wa mahakama juu ya shahidi mwenye uhakika anayeweza kuwa amekosea, ilikuwa imefundishwa na shauri la Adolf Beck, Mnorwe aliyehukumiwa jijini London mwaka 1896 na tena mwaka 1904 kwa utapeli uliofanywa na mtu mwingine, baada ya wanawake kadhaa, wote wakiwa na uhakika, kumnyooshea kidole. Wingi wa mashahidi haukuwa kinga, kwa sababu wengi wanaweza kukosea kosa lile lile.

Tatizo la Kenya, kwa hiyo, si uhaba wa kanuni. Tatizo ni kwamba onyo limegeuka kuwa desturi ya maandishi. Kwa kuwa mahakama zetu hazina wazee wa baraza wa kuonywa, hakimu hujionya mwenyewe, na si vigumu kuandika katika hukumu kwamba onyo limezingatiwa, kisha aya inayofuata ikampokea shahidi kwa sababu alionekana mtulivu na hakuyumba. Utulivu wa shahidi hauthibitishi alichokiona. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani Gary Wells na Amy Bradfield walichapisha jaribio ambamo baadhi ya watu waliomchagua mtu asiyehusika waliambiwa kwamba wamemchagua mshukiwa hasa. Waliopewa pongezi hiyo walidai kuwa na uhakika mkubwa zaidi, na hata kwamba walikuwa wamemwona mhalifu vizuri zaidi. Neno moja la pongezi lilitosha.

Mwanga nao unahitaji zaidi ya neno moja. Katika shauri la Maitanyi la mwaka 1986, Mahakama ya Rufaa ilitaka ichunguzwe aina ya mwanga, nguvu yake na mahali ulipokuwa kuhusiana na mshukiwa. Mashahidi wengi wa Nairobi husema tu kwamba kulikuwa na mulika mwizi, yaani ile taa ya mlingoti mrefu inayomulika mtaa mzima, na mara nyingi jibu hilo hupokelewa kana kwamba limemaliza mjadala, ilhali taa inayomulika kutoka juu huweza kuangaza kofia na mabega na kuyaacha macho katika kivuli. Wakili makini huuliza shahidi alisimama wapi na taa ilikuwa nyuma ya nani.

Hata hivyo, swali zito kuliko yote ni lile la ripoti ya kwanza. Maitanyi ilitaka ijulikane pia kama mlalamishi aliwapa waliomsaidia, au polisi, maelezo ya sura ya mshambulizi, na katika shauri la Simiyu la mwaka 2005 mahakama hiyo ililiona jambo la kutolewa au kutotolewa kwa maelezo hayo kuwa lenye uzito mkubwa kabisa. Mantiki yake ni nyepesi kueleweka: anayesema alimtambua jirani yake angemtaja, na anayesema aliiona sura ya mgeni angeieleza. Kitabu cha matukio, ambacho kila Mkenya hukiita OB, ndicho kinachohifadhi maneno hayo, na Ibara ya 50 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuujua mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Nakala ya ukurasa huo wa OB inapaswa kuombwa kabla ya kitu kingine chochote. Ikionyesha maneno "watu wawili wasiojulikana" pekee, shahidi anayekuja baadaye kueleza kovu, kimo na rangi ya shati ana jambo la kufafanua, na wakili hahitaji kumwita muongo.

Baada ya ripoti hufuata gwaride la utambuzi, ambamo mshukiwa husimamishwa kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na mwonekano, huku mpelelezi wa kesi akitakiwa asilisimamie. Gwaride hilo halina thamani kama shahidi amekwisha kuonyeshwa picha ya mshukiwa kwenye simu, au ameiona katika kurasa za mitandao ambako Idara ya Upelelezi wa Jinai huweka picha za watu inaowasaka, kwa kuwa wakati huo anaitambua picha. Mahakama ya Rufaa iliwahi kusema katika shauri la Njoroge kwamba utambuzi wa kizimbani usiotanguliwa na gwaride karibu hauna thamani, kisha mwaka 2002, katika shauri la Muiruri, ikalegeza msimamo huo. Ulegezaji huo ulikuwa wa bahati mbaya, kwa maana kizimbani kuna mtu mmoja tu wa kuchaguliwa.

Mzigo wa kuyauliza yote haya huangukia mtu asiye na wakili. Mshtakiwa wa mauaji hufika Mahakama Kuu na kwa kawaida hupewa wakili kwa gharama ya serikali, lakini wizi wa mabavu, kosa ambalo kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinaliwekea adhabu ya kifo, husikilizwa na hakimu, na washtakiwa wengi hujitetea wenyewe licha ya kuwapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo katika shauri la Muruatetu mwaka 2017, lakini Julai 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo ulihusu mauaji pekee. Mtu anayejitetea humuuliza shahidi, "Una hakika ni mimi?", naye shahidi humwangalia tena, hurudia kwamba ndiye, na kila jibu linazidi kumkandamiza muulizaji. Akishindwa rufaa ya kwanza katika Mahakama Kuu, rufaa ya pili husikiliza hoja za sheria tu, na Ibara ya 50(6) humfungulia njia mwenye ushahidi mpya na wenye uzito, ilhali kumbukumbu iliyokosea haiachi nyuma yake kitu kipya cha kupeleka mahakamani.

Anayeripoti wizi leo hutoka kituoni na nambari ya OB iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Huduma ya Polisi inapoihamisha OB kutoka daftarini hadi kwenye kompyuta, fomu yake inapaswa kuwa na nafasi za lazima za jina au sura ya mshambulizi, umbali, mwanga na muda, ijazwe kwa maneno ya mlalamishi mwenyewe, isibadilishwe baada ya kutiwa saini, na mlalamishi apewe nakala usiku huo huo.