Boda Amefika, Boda Imefungwa

KUTOKA MPAKANI, na Wandera Ouma

Mtu wa Busia akikwambia, "Boda amenishusha boda kwa sababu boda yake haina bima ya ng'ambo," hajakosea wala hakutanii. Boda wa kwanza ni kijana aliyemchukua stendi. Ya pili ni mpaka wa Kenya na Uganda. Ya tatu ni pikipiki. Yote ni neno moja la Kiingereza, border, waliloliacha Waingereza hapa pamoja na mstari wenyewe, na kinachotuzuia kupotezana ni ngeli tu. "Boda amefika," na wewe unaanza kutafuta pesa ndogo za kumlipa. "Boda imefika," unaacha chai mezani kwa kuwa chombo kiko nje. "Boda imefungwa," na hakuna anayeuliza kama imetiwa kufuli. Soko zima linajua Nairobi na Kampala zimekosana tena.

Hapo sijamhesabu mwanafunzi wa bweni, ambaye shuleni naye huitwa boda, na mwenzake wa kutwa ni deiskola. Mama akikueleza kwamba mwanawe siku hizi ni boda, uliza kwanza kama amemnunulia godoro au helmeti.

Neno hili la mpaka lilikuwa na miguu tangu huko lilikotoka. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ya mafundi: ukingo wa ngao, pindo la vazi. Ilipita miaka mingi kabla halijapandishwa cheo likawa mwisho wa nchi ya mfalme. Hata leo bibi wa Kiingereza hupanda maua yake kwenye border ya bustani, na hakuna afisa wa uhamiaji anayemsogelea.

Mstari wetu nao si wa tangu na tangu. Mwanzoni mwa karne iliyopita Busia hii ya Kenya ilikuwa ndani kabisa ya Uganda, maana himaya ya Uganda ilifika hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902, miezi michache baada ya reli kufika Ziwa Victoria, London iliukata mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo Kenya ya leo. Mteso wa Amukura akawa na serikali yake, Mteso wa Tororo na yake. Wasamia wakaambiwa kwamba mto Sio, waliokuwa wakiuvuka kwenda matangani na kwenda kuposa, sasa ni mwisho wa nchi. Walisikia, kisha wakaendelea kuuvuka.

Malango ndiyo yaliyoleta kazi. Hapa Busia lango la Kenya na lango la Uganda yalitengwa na zaidi ya nusu maili ya ardhi isiyo na mwenyewe. Malaba, jirani na Tororo, umbali huo ni mfupi mno. Unaweza kumwita mtu wa upande wa pili naye akageuka. Lakini Busia abiria wa basi la Kisumu alishushwa upande huu na gari la Kampala lilimngoja kule, na katikati kuna jua, gunia, mtoto mgongoni na kuku wa kumpelekea mkwe. Gari haliwezi kumsaidia kwa sababu gari lataka karatasi: kibali cha forodha, bima, jina la mwenye mali. Baiskeli haikutakiwa karatasi yoyote. Ndipo vijana, katika miaka ya 1960, wakafunga mto wa sponji juu ya keria na kuanza kuita abiria: boda-boda, boda-boda, yaani mpaka hadi mpaka. Neno lilitajwa mara mbili kwa kuwa malango yalikuwa mawili.

Kile kiti cha nyuma kilikuwa kazi ya fundi. Keria ya kiwandani haimbebi mtu mzima kwa muda mrefu, kwa hiyo iling'olewa na kuchomelewa nyingine ya vyuma vinene, kisha ubao, kisha sponji iliyovishwa ngozi ya plastiki yenye misumari ya vichwa vya kung'aa pembeni. Mwanamke alikaa upande, magoti pamoja, mkono mmoja umeshika chini ya tandiko la mwendeshaji na mwingine umeshika kikapu. Kwenye mteremko alinyamaza. Kwenye mwinuko abiria mwenye utu alishuka mwenyewe bila kuambiwa.

Kisha ikaja miaka ya magendo, na neno likapata mzigo wa pili. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, sukari, chumvi na sabuni viliadimika Uganda. Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa, na mkulima wa Uganda akaona afadhali gunia lake livuke usiku kuliko kuiuzia serikali inayolipa kwa ahadi. Kule juu mpakani, Chepkube, watu walitajirika kwa msimu mmoja. Huku chini baiskeli zilipeleka kahawa mashariki na kurudi na sabuni.

Wapo wavukishaji wengine ambao wanaosimulia historia ya boda huwasahau, nami nawakumbuka kila nisikiapo hotuba kuhusu ujasiriamali. Hapa Busia watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wakiwa wameachiwa na polio, walianzisha usafirishaji wao kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Mwenye chombo alikaa mbele akizungusha pedali kwa viganja, bidhaa zimepangwa nyuma na chini ya kiti, na penye tope kijana mmoja alisukuma. Afisa aliye langoni hakupenda kumpekua sana mtu wa namna hiyo. Wengine walimpitisha kwa huruma, wengine kwa aibu ya kumteremsha mbele ya watu. Wenye vyombo walilijua hilo, na bei yao ya kuvusha mzigo ililihesabu. Walivusha bidhaa kwa miaka, wakasomesha watoto, wakajenga. Sioni kosa lao.

Mpaka uliposhikwa na hasira, boda zote ziliumia pamoja. Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi hapa hapa Busia, na mpaka ukafungwa. Machi 2020, kwa ajili ya korona, Uganda ilifunga mpaka kwa watu, na ndani ya wiki hiyo hiyo Rais Museveni akapiga marufuku pikipiki kubeba abiria. Mizigo tu ndiyo iliyoruhusiwa. Kwa Kiswahili cha hapa, boda ilifungwa na boda ikafungwa. Malori yaliendelea kupita, na kufikia Mei foleni ya madereva waliongoja majibu ya vipimo Malaba na Busia ilipimwa kwa kilomita. Abiria wa pikipiki za Uganda walingoja hadi mwisho wa Julai.

Nimeruka kipindi ambacho baiskeli iliipisha pikipiki, nami sijutii, maana kila mtu alikiona. Pikipiki za bei nafuu zilikuja kutoka India na China, na katika miaka michache ya karne hii zikaenea kila kijiji. Baiskeli hazijaisha, Tororo utazikuta bado, lakini jina lilikwisha kuhamia kwenye injini. Kutoka hapo likaenda mahali ambapo halina mantiki hata kidogo. Kampala haipakani na nchi yoyote, lakini kampuni iliyoanzishwa huko mwaka 2014 ilijiita SafeBoda na kila mtu akaelewa. Kutoka Mbagala hadi Kariakoo hakuna lango la forodha, na bado Mtanzania anapanda bodaboda. Sisi wa Busia tulipaswa kudai mrabaha.

Ila huko mijini neno limeokota maana nyingine ambayo hatukuituma. Machi 2022 kundi la wanaume wa pikipiki lilimvamia na kumdhalilisha mwanamke aliyekuwa akiendesha gari katika barabara ya Wangari Maathai, Nairobi. Ulikuwa unyama, na waliohusika walistahili sheria. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza msako na usajili upya wa wahudumu wote nchini. Kuanzia hapo vichwa vya habari, na gazeti hili si malaika, vilizoea kuandika bodaboda kama jina la genge: bodaboda wamevamia, bodaboda wamechoma, bodaboda wamekimbia. Dereva wa matatu akiiba tunaandika dereva ameiba. Hatujawahi kuandika kwamba matatu ndiyo iliyoiba. Mhudumu wa bodaboda ana jina na ana chama. Mara nyingi ana mkopo wa hiyo pikipiki, na akikosea aandikwe yeye. Wahariri wangu wanajua kwamba hili nimewaambia pia nje ya safu.

Lakini lalamiko langu kubwa leo ni la hapa nyumbani. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia. Msafiri siku hizi hukaguliwa mara moja tu, katika nchi anayoingia, badala ya kupigiwa mihuri pande mbili. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, na Mganda vivyo hivyo. Mama wa mahindi au ndizi mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000, anaweza kupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani na kupita bila ushuru wa forodha.

Kwa hiyo mtu amerahisishiwa, na mzigo wake umerahisishiwa. Kilichobaki nyuma ni chombo cha kuwabeba wote wawili. Pikipiki ina namba ya usajili, na kwa sheria hiyo yatosha kuifanya gari kama lori la mafuta linalotoka Eldoret: iwe na kibali cha muda cha forodha, na bima inayotambulika ng'ambo, ile kadi ya njano ya COMESA. Kijana anayempeleka mgonjwa au mama wa soko mwendo wa dakika chache hawezi kufanya hesabu hiyo na akabaki na nauli. Matokeo yake tunayaona: abiria anashushwa langoni, anavuka kwa miguu na gunia lake, kisha anatafuta boda mwingine wa upande wa pili na kulipa upya. Asiyetaka kulipa mara mbili anaambiwa ipo njia ya panya, na njia ya panya haina taa, haina daktari wa mifugo, wala haina anayehesabu nani ameingia.

Baiskeli ilizaa kazi hii kwa sababu haikutakiwa karatasi. Pikipiki imerithi jina, ikanyimwa kazi. Naomba serikali mbili ziifanyie boda hisani ile ile ziliyoyafanyia mahindi: kibali cha eneo la mpakani, cha mwaka mmoja, kinachotolewa kupitia vyama vya wahudumu wenyewe, kwa pikipiki zisizovuka zaidi ya miji ya Busia na Malaba pande zote. Kibandiko kimoja cha rangi kwenye tangi kitatosha kumwonyesha askari nani ni nani. Waanze na Busia, ambako umbali ndio ulioleta shida, na Malaba wataiga.

Najua jibu la forodha: vijana watabeba magendo. Wanabeba sasa, usiku, mahali ambapo forodha haipo. Mchana, mbele ya kamera za kituo cha pamoja, na chama kinachojua kwamba mmoja akikamatwa kibandiko chake kinabanduliwa, watabeba kidogo zaidi ya hapo au kidogo pungufu, lakini watakuwa wanaonekana.

Swali gumu ni la bima, na hilo silipuuzi. Abiria wa Kenya akivunjika mguu mbele ya soko la upande wa Uganda, juu ya pikipiki ya Kenya yenye bima ya Kenya peke yake, analipwa na nani? Kadi ya njano iliundwa kwa lori linalokwenda mamia ya kilomita, na ada yake inalingana na safari hiyo. Kampuni za bima za nchi hizi mbili zinaweza kukaa na kupanga ada ya mwendo wa kilomita chache. Hesabu zao wanazo, na wateja wamepanga foleni langoni tangu asubuhi.