Rubani Hufundwa, Hazaliwi

Katika mahafali ya skuli moja ya wasichana hapa Mombasa, ambako wazazi tulikalishwa juani tangu asubuhi kumngoja mgeni wa heshima aliyewasili adhuhuri imekwisha adhiniwa, tulikhutubiwa na bwana mmoja aliyetajwa kuwa mshauri wa vijana katika kuchagua kazi. Msichana mmoja wa kidato cha nne alisimama, akauliza kwa adabu afanye nini ili awe rubani. Bwana yule alitabasamu, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akajibu kwamba urubani una watu wake, kwamba ni kipawa ambacho Mwenyezi Mungu humtunuku amtakaye, na kwamba rubani huzaliwa rubani; kisha akamnasihi atafute kazi nyingine isiyomwondoa ardhini. Watu wakacheka, baadhi ya wazazi wakapiga makofi, na msichana akaketi.

Dhana hii nimeisikia barazani, nimeisikia safarini, nimeisikia hata kwa walimu ambao wangalipaswa kuwa wa kwanza kuikanusha, kwani mwalimu anayeamini kwamba kazi huja na damu amekwisha kuiharamisha kazi yake mwenyewe. Ni uongo, na kila niusikiapo hupandwa na ghadhabu kwa sababu ni uongo unaovaa joho la ibada: humtaja Mungu ili asiulizwe swali la pili. Rubani hafanywi na kipawa. Rubani hufanywa na mazoea, yaani mambo madogo, kila moja jepesi likiwa peke yake, yanayokaririwa chini ya jicho la mwalimu na kwa mujibu wa orodha iliyoandikwa, kama mtoto wa chuoni anavyokaririshwa herufi hata ulimi ukazitamka bila kutafuta.

Nilishuhudia kwa macho yangu somo la kwanza la mpwa wangu, binti wa dada yangu, katika uwanja wa Wilson mjini Nairobi, uwanja unaobeba jina la Florence Kerr Wilson, bibi aliyeanzisha kampuni ya ndege nchini Kenya mwaka 1929. Na kwa kuwa ndege ya mafunzo ilikuwa Cessna 172 yenye viti vinne, mwalimu aliniruhusu kuketi nyuma. Muda mrefu ulipita kabla ya injini kuwashwa. Mwalimu alimkabidhi karatasi ya ukaguzi, akamtaka aizunguke ndege yote akiisoma mstari kwa mstari: apapase ukingo wa rafadha kwa kidole kutafuta palipochubuka, atikise vibao vya nyuma ya mabawa aone kama vyaenda juu na chini bila kukwama, apande achovye kijiti tangini apime mafuta kwa jicho lake badala ya kuuamini mshale, kisha akinge mafuta kidogo kutoka chini ya bawa katika kikombe cheupe na kukiinua kwenye mwanga, kwa maana petroli ya ndege hiyo ina rangi ya samawati, na maji, kama yamo, hujitenga yakatuama chini. Katika yote hayo sikuona jambo lililohitaji kipawa. Niliona yaliyohitaji mtu asiye na pupa.

Ndege ilipoanza kutambaa kuelekea njia ya kurukia, binti, ambaye huendesha gari la babake kwa ustadi, aliuzungusha usukani kushoto ili ipinde kushoto, nayo ikashika njia yake moja kwa moja, kwa sababu ndege ikiwa chini huongozwa kwa kanyagio za miguu, na usukani wa mikono hauna amri juu ya magurudumu. Mwalimu hakumkaripia, alimwambia kwamba kila dereva hupatwa na hilo, akamwamuru aweke mikono magotini mpaka miguu ijue kazi yake. Tulipokuwa juu, huku Hifadhi ya Taifa ya Nairobi iliyopakana na uwanja ikionekana chini yetu, mwalimu alitamka kwamba ndege i mikononi mwa binti, naye akajibu kama alivyofundwa kwamba ameipokea, na mwalimu akathibitisha tena. Kauli hizo tatu husemwa kila mara uongozi unapohama, ili isipite hata nukta moja ambayo kila mmoja adhani mwenziwe ndiye aliyeshika. Alipoushika usukani, aliukaba kwa ngumi mbili, na ndege ikawa yapanda na kushuka. Mwalimu akamwambia aushike kwa kidole gumba na vidole viwili, akafunika saa za mbele kwa daftari ili aache kuzikodolea macho, akamwonyesha kadiri ya nafasi iliyopo kati ya pua ya ndege na upeo wa macho, akamwambia aitunze nafasi hiyo na asishughulike na kingine. Akaitunza. Kisha akafundishwa kuzungusha kigurudumu kidogo cha kusawazisha, na alipoachilia mikono, ndege ikaenda imenyooka pasi na msaada wa mtu.

Tuliposhuka nilimwuliza ameonaje. “Mjomba,” aliniambia, “kumbe kazi kubwa ni ya miguu.”

Miguu hiyo hakuzaliwa nayo ikijua. Iliingia katika ndege ikiwa na ada ya gari, na mwalimu akaanza kuifunda upya, na ndivyo itakavyokuwa kwa kila kiungo chake: atarudia kuruka na kutua katika mzunguko ule ule wa uwanja hata mwalimu mwenyewe atakaposhuka, afunge mlango, na kumwacha auzunguke peke yake. Kanuni za kimataifa zinataka mwenye kuomba leseni ya rubani binafsi awe na umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka, pungufu kidogo kwa aliyesoma katika kozi iliyoidhinishwa. Na atakaye leseni ya kufanya kazi kwa ujira awe na miaka 18 na saa 200, au 150 katika kozi ya namna hiyo. Apimwe na daktari aliyeidhinishwa, na miwani si kizuizi maadamu inamwezesha kuona kwa kiwango kilichowekwa. Afaulu mitihani ya hali ya hewa, sheria za anga, uongozaji wa safari na elimu ya mitambo. Nimezisoma kanuni hizo, wala sikuona mahali pa kujaza kipawa.

Historia ya urubani yenyewe ni shahidi wangu mkubwa, na ni shahidi wa kutisha. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field huko Ohio, Marekani, ndege mpya ya kivita ya kampuni ya Boeing, yenye injini nne, ilikuwa ikijaribiwa, na aliyeketi katika kiti cha rubani alikuwa Meja Ployer Hill, mkuu wa majaribio ya ndege hapo, mtu ambaye kama kipawa kipo basi yeye alikuwa nacho. Ndege ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuungua, na Hill akafa. Haikuwa na hitilafu yoyote. Kufuli linalofunga usukani wa mkiani ndege ikiwa imeegeshwa, ili upepo usiutikise, lilisahauliwa kufunguliwa. Jeshi halikwenda kutafuta marubani waliozaliwa na kumbukumbu iliyo bora kuliko ya Hill. Marubani waliobaki waliketi wakaandika karatasi fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka, na kwa karatasi hiyo ndege ile ile, iliyokuja kuitwa B-17, ikaundwa zaidi ya 12,000. Karatasi aliyoishika mpwa wangu pale Wilson ni kizazi cha ile.

Asiyeridhika na mfano huo, na asikilize wa kisiwa cha Tenerife. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos uliogubikwa na ukungu, rubani mkuu wa ndege ya KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, aliyekuwa mkuu wa mafunzo ya Boeing 747 katika shirika lake na ambaye picha yake ilitumika katika matangazo yao, alianza kuikimbiza ndege yake kabla hajaruhusiwa kuruka. Mhandisi aliyekuwa pamoja naye aliuliza kama ndege ya shirika la Pan Am imekwisha kuondoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imeondoka, na hakuuliza tena. Haikuwa imeondoka, na ndege hizo mbili zikagongana. Walikufa watu 583. Baada ya msiba huo mashirika yalianza kuwafunza marubani wakuu kuwasikiliza walio chini yao, na kuwafunza walio chini kusema mara ya pili na ya tatu, na hayo nayo hufundishwa darasani. Ghururi ya kipawa imekwisha kuua watu wengi angani, ilhali mazoea na orodha vimewaokoa wasiohesabika.

Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu katika mambo mengine, aliposikia hoja zangu alinijibu kwamba binti huyo alipokuwa mdogo aliogopa kupanda mnazi, sembuse kwenda juu ya mawingu. Hii ndiyo hoja! Lau ingekuwa na uzito wa kokwa, wagema wote wa Kilifi wangekuwa marubani, na mashirika ya ndege yangewapima waombaji kwa minazi. Aliye juu ya mnazi hana kinachomzuia ila mikono yake. Rubani amekaa kitini, amefungwa mkanda, na bawa linabebwa na hewa ipitayo juu na chini yake kwa kanuni isiyojua nani mwoga na nani jasiri.

Waliotutangulia waliyafahamu haya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipojenga chuo cha urubani huko Soroti, Uganda, kikafunguliwa mwaka 1971, haikukijenga kwa imani kwamba marubani huzaliwa, kwani vipawa havijengewi chuo. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, East African Airways ikafa pamoja nayo, Uganda ikabaki na chuo, na sisi wengine tukabaki na mazoea ya kuvunja tulichojenga pamoja na kisha kuwaambia watoto wetu kwamba wao ndio wenye upungufu.

Upungufu hauko kwao. Somo la urubani hulipiwa kwa saa ya injini, na mafuta ya ndege ni ghali, na ada aghalabu hutajwa kwa dola. Hicho ndicho kizuizi, nacho ni cha fedha tupu. Nawajua wazazi waliochanga kwa arusi ya siku tatu mali ambayo ingalimlipia kijana masomo mengi ya kuruka, na hao hao ndio wasemao kwamba urubani una watu wake. Neno kipawa limekuwa pazia la kuficha bei, na kila alitamkaye huwasaidia wenye mali kuamini kwamba walichokinunua walizaliwa nacho.

Mtazameni Bessie Coleman, aliyezaliwa Texas mwaka 1892, ambaye mamake alifua nguo za watu, na yeye mwenyewe akifanya kazi ya kupamba kucha mjini Chicago. Hakuna skuli ya urubani ya Marekani iliyokubali kumfunza mwanamke mweusi. Akajifunza Kifaransa, akasaidiwa fedha na watu walioamini neno lake, akavuka bahari hadi Ufaransa, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa. Katika miezi ile ya Ufaransa hakubadilishwa damu. Alipata mwalimu, ndege na nauli, vitu vitatu alivyonyimwa nyumbani kwao.

Nawasihi basi walimu wakuu: mkitaka watoto waelezwe habari za urubani, mwiteni mwalimu wa urubani, au wapelekeni wakalione somo la kwanza likifundishwa, na msimpe tena kipaza sauti mtu ambaye hajapata kukinga mafuta katika kikombe. Na serikali zetu, zinazotoa mikopo kwa wanaosomea udaktari na uhandisi, ziwafikirie kwa insafu na hawa wanaotaka kusomea urubani, ziweke fungu la masomo ya kuruka katika bajeti ijayo, na zitangaze wazi nani anastahili kuliomba na wapi.